Jinsi Mjomba Alivyongoja Kutajwa

Kwenye sahani ya saba ya muziki wa mwimbaji wetu, upande wa pili, karibu na mwisho, kuna kikohozi. Si kirefu. Ukihesabu moja, mbili, kimekwisha, na gitaa linaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini katika miaka ile ya tisini, nilipoishi kwa mjomba Kaloleni, watu wazima walikijadili kikohozi hicho Jumamosi baada ya Jumamosi, nje ya kibanda cha fundi cherehani karibu na ukumbi wa mtaa, kwa uzito ambao sikuwahi kuukuta kwenye semina yoyote ya chuo kikuu.

Fundi cherehani, mwenye benchi na mwenye gramafoni, alishikilia kwamba mwimbaji alikohoa makusudi. "Alikuwa anafikia jina la mtu waliyekosana asubuhi ile. Sasa angefanya nini? Akakohoa, akampita."

"Vumbi," alisema karani mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache aliyevaa koti zito hata Februari. "Studio za wakati ule zilijaa vumbi. Mimi nilikuwako."

"Ulikuwako wapi, omera, ndugu yangu? Ulikuwa Kisumu unagonga mihuri."

"Nilikuwa likizo."

Katika mjadala huo mjomba alitazama viatu vyake tu. Anti, mke wake, ndiye aliyenifichulia siri siku moja akichambua mchele: mjomba aliamini kwamba jina lililomezwa na kikohozi kile lilikuwa lake.

Nyimbo za mwimbaji wetu zilikuwa ndefu, na zile sahani ndogo za zamani hazikuweza kubeba wimbo mzima upande mmoja. Kila wimbo ulikatwa katikati. Upande wa kwanza ulikuwa na kisa: mwanamke ameondoka, baiskeli imeibwa, mwenye nyumba anagonga mlango. Ukigeuza sahani, kisa kimesahauliwa, magitaa yamepata moto, na mwimbaji anataja watu. Anamtaja aliyempa chakula safarini, anamtaja aliyemshonea suti, na kila mmoja anamtaja pamoja na mtaa wake, kazi yake na jamaa zake. Wazee wa benchi waliuita upande huo saidi B, na kwao huo ndio uliokuwa muziki. Upande wa kwanza ulikuwa wa redio na wa wake zao.

Fundi alikuwa ametajwa mara mbili. Karani alitajwa mara moja, lakini, kama alivyopenda kutukumbusha, kwa sauti ya juu. Mjomba, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji mitaani, alikuwa hajatajwa kabisa. Na hakuna mtu aliyembebea mwimbaji yule spika nyingi kuliko yeye. Alimbebea spika kwenye harusi, kwenye matanga, na mara moja kwenye harusi iliyogeuka matanga kabla keki haijakatwa. Mwishowe mwimbaji, ambaye hakuwa ametoa kitu kipya kwa muda mrefu, alitangaza pale kwenye benchi kwamba anatengeneza kanda, na kwamba jina la kwanza kwenye kanda hiyo litakuwa la mjomba. Tangu siku hiyo mjomba alianza kutembea kifua mbele, na kugonga malango ya watu kwa mita kama mtu anayeleta habari njema.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, masomo ya fasihi, na nilikuwa natafuta kazi kwa njia ya kuandika barua za maombi na kutozituma. Barua haikuweza kutoka nyumbani kabla sijaamua kama "kwa heshima na taadhima" ni adabu au ni kujipendekeza. Benchi la fundi nililikwepa. Nikipita tu, ilikuwa: "Msomi! Bado?"

"Bado, mzee."

"Itakuja."

Basi ningefika nyumbani nikitafakari "itakuja" hiyo. Ilikuwa faraja? Ilikuwa kejeli? Kwa nini fundi alivuta ile "a" ya mwisho? Nikajifunza kupita nyuma ya ukumbi.

Kwa hiyo muziki wa mwimbaji wetu sikuujua kwa njia ya benchi wala sahani. Niliujua kwa kanda moja ambayo mjomba aliwahi kulipa arekodiwe kutoka kwenye sahani, katika kibanda kimoja cha Jogoo Road. Upande A wa kanda hiyo anti alikuwa amerekodi kwaya ya kanisa juu yake. Ulibaki upande B, nyimbo nane. Mchana, mjomba akiwa kwenye mita zake na anti akiwa sokoni, niliweka karatasi ya barua ya maombi mezani, nikawasha redio kaseti, nikasikiliza.

Nilipigwa na butwaa. Mtu huyu haanzi mwanzo! Kila wimbo uliingia kisani kama mtu anayefungua mlango na kukuta watu wanagombana. Hakuna utangulizi, hakuna maelezo, magitaa tayari yanakimbia. Chuoni tulifundishwa kwamba hiyo ni mbinu, na kwamba wanaoiweza ni wachache. Halafu nikagundua kwamba majina yaleyale yalirudi wimbo hadi wimbo. Nikayaandika kwenye daftari, nikachora mishale. Kulikuwa na mshonaji mmoja ambaye mwimbaji alimwambia, "Umenikata ukaniunganisha." Kulikuwa na karani wa stesheni. Kulikuwa na muuguzi, dada wawili, na mwalimu aliyeitwa kwa huzuni sana. Kufikia alasiri ya pili mishale ilikuwa imejaza kurasa mbili na nilikuwa nimeelewa: nyimbo nane zilikuwa hadithi moja. Mwanamume anamtafuta mwanamke. Karani ndiye aliyempandisha mwanamke treni. Mshonaji anajua alipo na hasemi. Mshonaji, kwa kweli, ndiye hatima yenyewe. Katika wimbo wa saba mwanamume anakohoa. Wimbo wa nane ni mfupi na unakatika ghafla.

Nikaweka kalamu chini. Alikuwa amekufa.

Ilinibidi nimwambie mtu, na mtu pekee aliyestahili alikuwa mwimbaji mwenyewe. Nilichukua ile karatasi ya maombi ya kazi nikamwandikia kurasa nne za fulskepu. Nilimweleza mbinu yake. Nilimpa pole kwa kifo. Mwishoni nikamshauri, kwa heshima na taadhima, kwamba katika kanda mpya afanye hadharani yale aliyoyafanya kwa siri: hadithi moja toka mwanzo hadi mwisho, nyimbo zikifuatana, bila jambo lolote la kando kumpotezea msikilizaji njia. Nikamwomba pia asinitaje kwa mtu. Mwaka ule wote hiyo ndiyo barua pekee niliyoitia posta bila kuisoma mara ya pili.

Wiki kadhaa baadaye mjomba alirudi kutoka kwenye benchi akitembea kama zamani, kifua ndani. Aliketi bila kuvua kofia.

"Hatataja," alisema.

"Nani?" aliuliza anti.

"Mtu yeyote. Kanda nzima. Amepita leo akatuambia. Eti nyimbo kumi, hadithi moja, kama sinema. Asiyekuwa kwenye hadithi hatajwi."

"Na ahadi yako?"

"Amesema nimwelewe. Amesema ameandikiwa na msomi, kurasa nne, na zimemfungua macho." Mjomba alivua kofia akaitazama ndani. "Msomi mjinga."

"Msomi wa wapi?" niliuliza. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtu anayeomba chumvi kwenye nyumba ya watu asiowajua.

"Hakusema. Watu kama hao hawana kwao."

Kwa siku sita sikula vizuri. Nilipanga kumwambia mjomba ukweli Jumapili, lakini alikuwa ametoka kanisani na sikutaka kumharibia neema. Jumatatu nilimkuta akinyoa ndevu, na mtu mwenye wembe shingoni haambiwi habari za ghafla. Jumatano alinipa kipande kikubwa cha samaki, akaniambia nile, nimekonda. Nikasoma upendo wote uliokuwa kwenye kipande kile na nikashindwa kufungua mdomo hata kukitafuna.

Jumamosi akanishika mkono. "Mpwa, twende. Wewe umesoma vitu hivi. Njoo uwaeleze wazee kanda ya hadithi moja ni kitu gani, labda kuna njia ya kuizuia."

Benchi lilikuwa limechafuka. Fundi alikuwa na futi ya kupimia shingoni na hasira usoni.

"Sasa mtu akitaka wimbo wa nne peke yake kwa harusi?" aliuliza. "Tuwaambie maharusi wakae, tuanze na wa kwanza, tufike?"

"Watangoja," alisema karani. "Treni ilingojwa."

"Na majina je? Hata Maandiko yana majina, baba na mwana, baba na mwana, kurasa nzima. Nani alilalamika?"

"Wewe ulilalamika. Ulisinzia."

"Nilifumba macho!" Fundi akanigeukia. "Msomi, kaa hapa. Tuambie. Huyu mtu amerogwa?"

Ningesema sijui. Mtu mwenye akili angesema sijui. Lakini nilikuwa nimekaa mwaka mzima bila mtu kuniuliza swali ninaloliweza, na daftari langu lilikuwa mfukoni. Nikasema hakurogwa, wala hilo si jambo jipya kwake, kwa sababu saidi B zake zote tayari ni hadithi moja. Nikafungua daftari. Nikawaonyesha mishale. Nikawaeleza jinsi anavyoanzia katikati, jinsi karani wa stesheni anavyoshiriki njama, na jinsi mshonaji, mtu mnafiki anayewakata watu na kuwaunganisha apendavyo, anavyoujua ukweli wote na kuuficha mpaka shujaa anakohoa na kufa.

"Huyo mnafiki," alisema fundi polepole, "anaitwa nani?"

Nikasoma jina kwenye daftari.

"Ni mimi," alisema fundi.

Mtaa mzima walimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Baba fulani, na mimi nilikuwa sijawahi kujua kwamba ana jina jingine.

"Na karani wa njama?" aliuliza karani, akifunga kifungo cha juu cha koti.

Sikusoma. Hakukuwa na haja.

Fundi alicheka kwanza. Alicheka mpaka futi ikamdondoka, karani akacheka bila sauti, koti likitikisika, na wateja wawili waliokuwa wakingoja suruali wakajiunga bila kujua sababu. "Nilimkata nikamuunganisha! Suti, bwana! Suti ya kijivu! Nilimshonea ile suti ya picha!" Kisha akaingia ndani akaleta sahani. Akaweka ya kwanza, upande wa kwanza, wimbo ukaanza mwanzo, taratibu, kwa utangulizi na maelezo yote. Ulipokatika akaigeuza, na palepale magitaa yakaendelea kutoka yalipoachia. Nilisikia mbinu yangu ikifa. Mwanamke wangu hakuwa amefichwa na mtu. Alikuwa amekwenda kwao kujifungua, na katika mstari wa tatu wa upande wa kwanza mwimbaji anasema atarudi Desemba.

Tukirudi na mjomba nilipitia kile kibanda cha kurekodi kanda. Kijana wa pale hakuona kosa lolote. "Sasa buda, ulitaka nigeuze sahani mojamoja kama chapati? Napanga zote, narekodi upande huu kwa A. Halafu nageuza lote hilo bunda, narekodi huu mwingine kwa B. Hiyo ndiyo kazi safi."

Mjomba hakuwa amecheka. Njiani alisema tu, "Usijali, mpwa. Hata mimi mita nyingine naisoma vibaya." Hilo liliniumiza kuliko kicheko. Benchi zima lilijua sasa kwamba mimi ni mjinga. Lakini hakuna aliyejua kwamba mimi ndiye yule mjinga, na kwamba kwa ujinga huo mtu huyu anayenifariji atakufa bila kutajwa.

Jumatatu nilikwenda Makadara. Mwimbaji wetu, nyimbo zikiwa haziwezi kumlisha, alikuwa na taipureta chini ya mwavuli karibu na mahakama, akiwapigia watu chapa viapo na barua. Nilisimama mbele ya meza yake muda mrefu kiasi kwamba watu wawili walidhani ni foleni wakasimama nyuma yangu.

"Kiapo au barua ya kawaida?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nataka kuungama," nilisema.

"Hiyo ni kiapo. Keti."

Nikamwambia yote: kwaya ya anti, bunda la sahani, mishale, fundi. Alisikiliza vidole vikiwa juu ya herufi. Nilipomaliza akavua miwani.

"Kwa hiyo nilikufa kwenye wimbo wa nane."

"Ndiyo, mzee. Samahani."

"Ulijuaje?"

"Ulikatika ghafla."

"Kanda iliisha, bwana!"

Waliokuwa nyuma yangu walicheka. Nikamwomba basi, kwa kuwa msingi wa barua yangu ulikuwa kosa, aiache ile hadithi, arudi kwenye majina. Nilikuwa nimeandaa hoja tano. Nilifika ya pili.

"Kijana, nyimbo hizo niliziimba mimi. Ulifikiri sikujua hazina hadithi?" Alisafisha miwani kwa ncha ya tai. "Sikiza. Maisha yangu yote watu wananiuliza mambo mawili: utanitaja lini, na kwa nini ulimtaja yule. Niliimba kwamba yule mwanamke atarudi Desemba, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mbona hakurudi, alikwenda wapi. Wewe uliniuliza. Uliuliza kwa upuuzi, lakini uliuliza. Nikakaa hapa nikajiuliza na mimi, kweli, alikwenda wapi? Nyimbo kumi zimetoka hapo. Sasa unataka nizitupe?"

Sikutaka azitupe. Hilo ndilo lililonitesa. Niliitaka hadithi ile kuliko mtu yeyote Kaloleni, na niliitaka furaha ya mjomba, na vitu hivyo viwili havikuweza kukaa kwenye kanda moja.

"Ni mjomba wangu," nilisema. "Yule wa mita. Ulimwahidi. Yeye hatakuuliza. Ataendelea kukubebea spika tu na hatasema kitu. Anaamini ile sahani ya saba, pale unapokohoa, ulikuwa unataka kumtaja."

"Ninapokohoa wapi?"

Nikamwimbia mahali penyewe, mbele ya foleni, pamoja na kikohozi.

"Aa. Hapo nilikuwa nimekula njugu."

Akavaa miwani. Akavuta karatasi, akaandika kitu kwa penseli pembeni. "Mwisho kabisa wa kanda," alisema, "hadithi ikishakwisha, panabaki nafasi kidogo. Nitaona. Haya, anayefuata."

Nilitembea Jogoo Road nikiwa na furaha mpaka nilipoanza kuitafakari ile "nitaona". Kufika Kaloleni nilikuwa na maana saba za neno hilo, na sita zilikuwa mbaya.

Kanda ilitoka baada ya miezi mitatu. Kwa miezi hiyo yote mjomba aliendelea kwenda kwenye benchi, lakini aliketi mwisho, nusu ya mwili nje, kama mtu anayemshikia mwingine nafasi. Siku ya kusikiliza alivaa tai. Anti alimuuliza tai ya nini ikiwa hakuna anayetajwa. Alisema ni ya kumpa mwenzake heshima ya kazi.

Fundi alikuwa ameazima redio kubwa ya spika mbili. Tulikaa, na kwa mara ya kwanza tangu niwajue wazee wale hawakusema kitu kwa wimbo mzima. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyoota. Mwanamume anashuka stesheni baada ya stesheni akimuulizia mkewe; kila wimbo una stesheni yake, na kila stesheni gitaa linabadilika kidogo, kama lafudhi. Wimbo wa tatu fundi hakuweza kujizuia.

"Mbona haulizi kwa mama mkwe? Mimi ningeanzia hapo."

"Anamwogopa," alisema karani. "Nyamaza."

Wimbo wa sita, mwanamume analala kwenye ghala la mizigo akisikia jina la mkewe kwenye magurudumu, karani alivua koti. Alilikunja akaliweka magotini. Hatukumtazama.

Wimbo wa kumi ukaisha. Mke alikuwa amepatikana, au karibu. Waliachwa wakitazamana, huyu dirishani, huyu jukwaani. Redio ikabaki ikivuma tupu. Mjomba alingoja kidogo, kisha akainuka akarekebisha tai. "Kazi nzuri," alisema. "Lazima tuseme ukweli. Kazi nzuri."

Ndipo gitaa likarudi. Moja tu, la haraka, la zamani, gitaa la saidi B. Sauti ikasema: "Na wewe kijana msomi wa Kaloleni..." na likafuata jina langu, yote mawili, waziwazi, kama linaitwa mahakamani. "Uliyeniandikia kurasa nne, ukaniua nikiwa hai..." Nilitazama chini nikitafuta pa kuingia. Benchi zima lilinigeukia. "...mpwa wa..." na hapo mwimbaji akavuta pumzi, akamtaja mjomba. Majina matatu. La ubatizo, la baba, la babu. "Msomaji wa mita, mwenye mabega yake." Redio ikajizima kwa kishindo.

Wote wakaanza kusema kwa pamoja.

"Ametajwa!" alisema karani.

"Hajatajwa," alisema fundi. "Aliyetajwa ni kijana. Huyu ametumika kama anwani."

"Majina matatu ni anwani? Wewe ulitajwa kwa moja."

"Mara mbili!"

"Moja mara mbili ni mbili. Yeye ana matatu kwa mkupuo."

Mjomba hakuwasikia. Alikuwa amesimama vilevile, mkono kwenye tai, akinitazama mimi. Niliona barua ikifika machoni pake, ukurasa kwa ukurasa.

"Kurasa nne," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Wewe."

"Ndiyo, mjomba. Nilitaka kukuambia Jumapili ile, halafu Jumatatu ulikuwa unanyoa..."

"Nilikuita mjinga. Ndani ya nyumba yangu. Na ukakaa ukala samaki."

"Sikumla, mjomba. Nilishindwa."

Aliendelea kunitazama. Nimejaribu tangu wakati huo kuorodhesha yote yaliyokuwa kwenye uso ule na sijamaliza. Kisha akaketi, safari hii katikati ya benchi, akimsukuma fundi kwa nyonga, akaelekeza kidole kwenye redio.

"Rudisha," alisema. "Si mwanzo. Hapo mwisho tu."

Walirudisha mara kumi na moja.

Alinunua kanda yake mwenyewe, na nyumbani hatukuwahi kusikia hadithi ile. Aliizungusha kwa kalamu ya biki mpaka mwisho, akaiacha hapo tayari. Mgeni akija, awe wa kanisa, awe jirani, awe mtu aliyekuja kulalamika juu ya mita, alikalishwa, akapewa chai, akasikilizishwa gitaa moja, jina langu na majina matatu. Mtu akiuliza nyimbo zingine zinasema nini, mjomba alijibu kwamba ni mambo ya treni, marefu, na kwamba amewaondolea usumbufu. Lakini kulikuwa na tatizo moja, nalo lilinihusu. Kanda ilisema "mpwa wa". Mgeni angeweza kushuku. Kwa hiyo ilinilazimu niwepo, niketi karibu na redio nimevaa shati safi, ili sauti ikifika kwangu mjomba aninyooshee mkono, na ikifika kwake ajinyooshee mwenyewe. Nilijitahidi kutafuta namna ya kukaa ambayo haikuwa ya majivuno wala ya aibu. Sikuipata. Anti alisema nakaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Mwaka uliofuata barua yangu moja ya maombi ilifika ilikotumwa, na shule moja ya Nakuru ikanijibu kwamba wananihitaji muhula ukianza. Nilimpa mjomba barua hiyo aisome. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama asomavyo mita, akafika mwisho akarudi juu. Macho yalimlowa kidogo na nikajua ananiombea heri. Kisha akaikunja vizuri, akanirudishia, akaniuliza kama watu wa shule hiyo wataniruhusu nije nyumbani kila Jumamosi.